Mlango na Daftari: Historia ya Kudahiliwa na Kusajiliwa Chuoni katika Dar es Salaam

Maneno mawili hutawala mwanzo wa maisha ya mwanachuo wa Tanzania, na yote mawili asili yake ni Kiarabu. La kwanza ni kudahiliwa, litokalo katika shina lenye maana ya kuingia. La pili ni kusajiliwa, litokalo katika neno lenye maana ya maandishi yawekwayo kuwa kumbukumbu. Katika mazungumzo ya kila siku watu huyachanganya, lakini kanuni za vyuo huyatenga. Mtu aweza kudahiliwa asisajiliwe. Na asiyesajiliwa hana haki ya kufanya mtihani, ajapokuwa amehudhuria mihadhara yote. Historia ya elimu ya juu katika Dar es Salaam yaweza kusomwa kwa kufuata tofauti hiyo, yaani kwa kuuliza katika kila zama ni nani aliyeshika ufunguo wa mlango, na ni nani aliyeshika kalamu ya daftari.

Chuo Kikuu kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi walikuwa 14, wote wa sheria, na chuo kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani, nje ya mji, mahali palipohesabiwa kuwa sehemu ya Kinondoni hadi Ubungo ilipofanywa wilaya yake yenyewe. Katika miaka hiyo ufunguo ulikuwa mtihani wa kidato cha sita. Waliofaulu walikuwa wachache, nchi ilikuwa na haja kubwa ya wataalamu, na karo ililipwa na Serikali. Kwa hiyo aliyepita mlangoni hakuwa na shaka ya kuandikwa daftarini.

Shaka hiyo iliingia mwezi wa Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kuwalazimisha wasomi kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akaamuru karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, warudishwe makwao. Wengi walikubaliwa tena baadaye, lakini jambo lilikwisha dhihirika: jina lililoandikwa daftarini laweza kufutwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Taifa liliingia hata katika uchaguzi wa masomo. Somo la Maendeleo likawa faradhi kwa kila mwanachuo, awe wa sheria au wa sayansi.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka Musoma. Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliamua kwamba kijana amalizapo kidato cha sita asiende chuoni moja kwa moja. Sharti kwanza atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi si chini ya miaka miwili, na mwishowe apate sifa njema za mwajiri na za tawi la chama. Nia ilikuwa kumzuia msomi asijitenge na wakulima na wafanyakazi waliomsomesha. Lakini kanuni hiyo, ijapokuwa haikumtaja mwanamke, ilimlemea yeye kuliko mwanamume. Katika miaka ile ya kungoja wasichana wengi waliolewa na kupata watoto, na idadi ya wanawake walioingia chuoni ikashuka mno. Haikupita miaka mingi, wanawake wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka shuleni. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kanuni iliyo sawa kwa wote katika maandishi huenda isiwe sawa katika maisha yao.

Katika miaka ya 1990 mlango ulipanuliwa. Sheria Na. 17 ya 1992 iliunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake Kinondoni, nacho kikaanza kufundisha mwaka 1994. Hakikuwa na mabweni. Mwanafunzi alisoma nyumbani kwake huku akiendelea na kazi, na kuieneza shahada yake kwa miaka kadiri ya nafasi aliyokuwa nayo. Mama mwenye watoto, ambaye desturi ya Mlimani ilimwia ngumu, aliweza kujisajili pasipo kuihama nyumba yake. Lakini ni katika miaka hiyo hiyo Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama, na polepole kalamu ya daftari ikahamia mkononi mwa mhasibu.

Mwaka 2005 mambo matatu yalikutana. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilianzishwa Chang'ombe, katika Temeke, ili kupunguza uhaba wa walimu. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi. Na sheria ya kuunda Tume ya Vyuo Vikuu ikapitishwa. Tangu mwaka wa masomo wa 2010/11 Tume ilipokea maombi ya udahili ya nchi nzima kwa mfumo mmoja, hata mwaka 2017 kazi hiyo iliporudishwa vyuoni.

Hivyo ufunguo umepita katika mikono mingi: ya mtihani, ya chama, ya Tume na ya vyuo vyenyewe. Daftari nalo limekuwa na masharti yake. Kijana wa Temeke aliyedahiliwa leo kwa alama nzuri bado hana budi kulipa ada au kupata mkopo kabla jina lake halijaandikwa, na pengo hilo baina ya maneno mawili ndilo linaloamua kama atasoma au atangoja. Anayetaka kujua elimu ya juu imekuwa mali ya nani asiridhike na hesabu ya waliodahiliwa. Majalada ya Msajili, yanayoonyesha ni nani aliyefika mlangoni asiandikwe, yanangoja mwanahistoria wake.