Oili ya Motokaa ya Zamani

Juma lililopita tuliomba kila darasa lilete kopo moja la oili ya injini, hata likiwa tupu. Liwekeni mezani, mahali ambapo kila mtu aweza kuliona. Somo la leo ni la historia, na historia yenyewe imeandikwa juu ya kopo hilo kwa herufi chache na tarakimu chache. Asiyeweza kuzisoma hununua kwa picha na kwa bei. Na mwenye motokaa ya zamani akinunua hivyo, aweza kuiharibu injini yake kwa oili mpya, safi, tena ya bei kubwa.

Tuanze na mmea tunaoujua. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, huota wenyewe kando ya njia. Mafuta ya mbegu zake yamepakwa ngozini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki tangu zamani. Mafuta hayo hayo yalitiwa katika injini za motokaa za mashindano na za ndege za kwanza. Mwaka 1899 Charles Wakefield alianzisha kampuni ya mafuta ya mashine mjini London. Mwaka 1909 kampuni hiyo ikatoa oili yenye mafuta ya mbarika ndani yake, ikaiita Castrol, na jina hilo latokana na jina la Kiingereza la mafuta ya mbarika. Katika vita vya 1914 hata 1918 ndege nyingi ziliruka kwa mafuta ya mbarika, maana hushika chuma vizuri hata kwenye joto kali. Lakini yana kasoro: yakikaa ndani ya injini huwa kama gundi, tena hayapatani na oili itokanayo na mafuta ya ardhini. Kwa hiyo motokaa za kila siku zikafuata oili ya ardhini. Basi asije mtu akatia mafuta ya mbarika katika injini yake kwa sababu ya somo hili!

Sasa tazameni tarakimu. Mwajua asali. Alfajiri ya mwezi wa Julai, hapa Mbulu penye baridi, asali haitoki chupani; iweke karibu na moto, itatiririka kama maji. Oili nayo ni hivyo. Mwaka 1911 Chama cha Wahandisi wa Motokaa cha Marekani kilianza kuweka kanuni za kupima uzito huo, na kutokana na kazi yake zikaja tarakimu tunazoziona leo: 20, 30, 40, 50. Tarakimu kubwa ni oili nzito, tarakimu ndogo ni oili nyepesi. Wengi hukosea hapa. Hamsini si bora kuliko thelathini. Ni nzito kuliko thelathini, basi.

Zamani mtu alikuwa na shida. Akitia oili nzito, asubuhi injini huzunguka kwa taabu, na oili huchelewa kufika juu kwenye tapeti. Akitia nyepesi, motokaa ikipanda mlima jua likiwaka, oili huwa maji, na beringi zikalika. Katika miaka ya 1950 wataalamu walieneza oili yenye tarakimu mbili. Ndani yake mna chembe ndefu ambazo katika baridi hujikunja, na joto likizidi hujinyosha, zikaizuia oili isiwe nyepesi mno. Someni pamoja nami: ishirini, W, hamsini. Herufi W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Maana yake, oili hii katika baridi huenda kama ishirini, na katika joto husimama kama hamsini. Yeye ashukaye Magara asubuhi toka nyanda za Mbulu hata bonde la ziwa Manyara, na mchana akapanda tena, aelewa faida yake bila kufundishwa.

Miaka ile ndiyo iliyokuwa na sifa ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Motokaa zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope la namna tuliyoizoea hapa. Mwaka 1963, wakati Hanang ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu, motokaa 84 zilianza na 7 tu zikamaliza. Mwaka 1971 ilishinda motokaa ya michezo, Datsun 240Z, iliyoendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Na mwaka 1973 ikashinda tena, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Leo Datsun hiyo ni mzee, kama ilivyo MGB ya Uingereza iliyotoka mwaka 1962. Je, wazee hawa watiwe oili gani?

Hapo ndipo zinapokuja herufi. Tafuteni juu ya kopo herufi mbili, ya kwanza ikiwa S. Hizo ni za Taasisi ya Petroli ya Marekani. S ni ya injini ya petroli. C ni ya dizeli. Herufi ya pili hufuata miaka: SA ni ya kale kabisa, isiyo na dawa yo yote ndani yake, SF ilitoka mwaka 1980, SM mwaka 2004, SP mwaka 2020. Mtu atasema, basi ya mwisho ndiyo bora. Kwa motokaa mpya, ndiyo. Kwa ya zamani, ngoja kwanza.

Katika injini za zamani kamshafti husugua chuma juu ya chuma kwa nguvu nyingi. Kinachozilinda ni dawa yenye zinki na fosforasi iliyomo katika oili. Motokaa mpya nyingi hutumia magurudumu madogo mahali pa msuguano huo, na ekzosi zake zina kifaa cha kusafisha moshi, ambacho fosforasi hukiharibu. Kwa hiyo watengenezaji waliipunguza dawa hiyo, hasa katika oili nyepesi kama 5W-30. Mwenye motokaa ya zamani akitia hiyo, aweza kuona meno ya kamshafti yamelika kabla ya wakati. 20W-50 haikubanwa sana na sharti hilo, na uzito wake waifaa injini iliyokwisha legea kidogo. Hata hivyo, kitabu cha motokaa yenyewe ndicho kisomwe kwanza, kama kipo.

Neno jingine, la tope. Injini iliyokaa miaka mingi na oili isiyo na sabuni huwa na masizi mazito chini ya sampu. Ukitia ghafula oili ya kisasa, yenye sabuni, masizi hung'oka na kuziba njia, injini ikanoki. Afadhali fundi aifungue sampu kwanza aisafishe, na oili ya kwanza imwagwe mapema.

Na giaboksi? Someni vizuri. Herufi GL-5 ni za oili yenye salfa nyingi, na oili nyingi za namna hiyo hula shaba. Giaboksi za zamani zina pete za shaba; nyingi hutaka GL-4, na ile ya MGB ilitiwa oili ile ile ya injini.

Sasa chukueni madaftari. Andikeni tarakimu na herufi zote zilizo juu ya kopo lenu, na kando ya kila moja andikeni maana yake. Aliye na motokaa aandike pia mwaka ilipotengenezwa.