Yakuti Isiyokuwa Yakuti: Habari ya Elimu ya Kupambanua Vito

Katika taji ambalo mfalme wa Uingereza hulivaa anapofungua Bunge, upande wa mbele, juu ya paji la uso, pamepachikwa jiwe jekundu lenye uzito wa karati zipatazo 170, ambalo kwa karne nyingi wafalme, masonara na waandishi wa tarehe waliliita yakuti. Inasimuliwa kwamba mwaka 1367 Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja kujulikana kwa lakabu ya Black Prince, alilipokea kwa Pedro, mfalme wa Castile, likiwa malipo ya msaada wa vita. Na kwamba mfalme Henry wa Tano wa Uingereza alikuwa nalo katika mapigano ya Agincourt mwaka 1415. Lakini jiwe hilo ni spineli, madini yaliyo mbali na yakuti kwa ugumu, kwa uzito na kwa umbo. Na jinsi wanadamu walivyofikia kulitambua jambo hilo ni sehemu kubwa ya historia ya elimu ya vito, ambayo kila mkusanyaji wa mawe huirithi siku ile anapolishika jiwe lake la kwanza na kuuliza ni kitu gani.

Masonara wa zama hizo hawastahili lawama, kwa kuwa maumbile yenyewe yaliwawekea mtego. Yakuti nyekundu ni alumini iliyoungana na oksijeni. Spineli ni alumini na oksijeni hizo hizo, pamoja na magnesi. Na kinachoyatia mawe yote mawili wekundu ni kromi kidogo iliyopenya ndani yake. Aghalabu huzaliwa katika miamba ya namna moja, hasa mawe ya chokaa yaliyogeuka marumaru kwa joto na mgandamizo wa ardhi, na miamba hiyo ikishamomonyoka kwa mvua na upepo, hukutwa pamoja katika changarawe za mito. Mwenye kulitegemea jicho peke yake humsikiliza shahidi mmoja, ambaye ushahidi wake juu ya wawili ni ule ule.

Msingi wa elimu hii ni kutofautisha mwamba, madini na kito. Madini hufanyika ardhini kwa maumbile, nayo yana mchanganyiko wake maalumu na mpangilio wake wa ndani. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, kama yale majabali ya graniti ya Mwanza, ambayo ndani yake mtu aweza kuona kwatzi, feldspa na ulanga kwa macho yake. Na kito ni kile ambacho wanadamu wamekichagua kwa uzuri, uimara na uhaba wake. Almasi, yakuti na zumaridi ni madini. Lapisi lazuli ya Badakhshan ni mwamba. Lulu na marijani ni kazi ya viumbe wa baharini. Uzuri, basi, ni hukumu ya wanadamu, ilhali tabia ya madini haingojei hukumu yao.

Aliyelifahamu jambo hilo mapema kuliko wengi ni Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, ambaye uzeeni mwake, huko Ghazna, aliandika kitabu juu ya maarifa ya johari. Katika zama zake ilisadikiwa kwamba nyoka akiitazama zumaridi macho yake hupasuka. Al-Biruni akamvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamjaribu kwa muda wa miezi tisa, katika baridi na joto, na macho ya nyoka yasidhurike hata kidogo. Kadhalika alitengeneza chombo cha tumbo pana na shingo nyembamba, chenye mfereji ubavuni, akakijaza maji, akatumbukiza jiwe na kuyapima maji yaliyomwagika. Kwa hesabu hiyo akaulinganisha uzito wa johari mbalimbali, yakuti ya buluu akiifanya kipimo cha mia. Akaeleza kwamba jiwe jekundu la Badakhshan, ambalo ndilo spineli, laweza kuishinda yakuti kwa rangi, lakini huwa chini yake kwa ugumu. Katika kitabu hicho hicho amelitaja jiwe la bilauri lililosafirishwa hadi Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani vya pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwa hiyo msomaji wa pwani yetu aweza kujua kwamba mawe ya upande huu yalikwisha kuingia katika mizani ya maulamaa karne kumi zilizopita.

Ulaya ilichukua muda mrefu kufika hapo. Mwaka 1783 Mfaransa Romé de l'Isle, aliyekuwa akizichunguza pembe za fuwele, aliitenga spineli na yakuti. Maana fuwele ya spineli aghalabu huwa na nyuso nane, na ya yakuti hufuata mpangilio wa pande sita. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs akayapanga madini kumi kwa ugumu, kila moja likiweza kulikwaruza lililo chini yake: talki, jasi, kalsaiti, fluoraiti, apataiti, feldspa, kwatzi, topazi, yakuti na almasi. Spineli hukaa pamoja na topazi katika daraja ya nane, yakuti katika ya tisa. Daraja hizo hazina nafasi sawa baina yake, kwani almasi, iliyo daraja moja tu juu ya yakuti, huishinda kwa ugumu mara kadhaa.

Afrika ya Mashariki imeipa elimu hii mitihani yake. Mwaka 1967, katika vilima vya Mirerani, yalipatikana mawe ya buluu ambayo rangi yake ingeliweza kumghuri yeyote aliyezoea yakuti ya buluu. Serikali ya Tanzania imemtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Upimaji ulionyesha kwamba ni zoisaiti, madini yaliyokuwa na jina Ulaya tangu 1805, na ambayo kwa sura ya kijani, yakiwa yamebeba yakuti nyekundu ndani yake, yalikuwa yakijulikana Longido tangu miaka ya 1950. Kito hicho, kilichoitwa tanzanaiti mwaka 1968, kikigeuzwa mbele ya nuru huonyesha buluu, zambarau na wekundu wa kahawia. Nao ugumu wake haufiki daraja ya saba. Kisha mwaka 2007, huko Mahenge, katika marumaru, zikapatikana fuwele kubwa mno za spineli nyekundu na za waridi, ambazo wanunuzi wa dunia walizitafuta kwa jina lake lenyewe, bila kuliazima la yakuti.

Mkusanyaji anayeanza hahitaji maabara. Ukucha hukwaruza madini ya daraja ya pili, na ncha ya kisu hufika karibu na daraja ya tano na nusu, ingawa haifai kukikwaruza kito kilichokwisha kukatwa. Lensi ya kukuza mara kumi humwonyesha viputo na mistari iliyopinda ya yakuti ya kiwandani, ambayo Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza namna ya kuitengeneza mwaka 1902. Na kila jiwe aliandikie mahali lilipotoka na mwamba uliolizaa, kwa maana habari hiyo ikipotea, hakuna kipimo kinachoweza kuirudisha yote.

Lakini elimu hii ina wenye kuihitaji zaidi kuliko wakusanyaji. Mchimbaji asiyelijua jiwe lake huliuza kwa bei ya anayelijua. Hivyo, kabla ya kuwa burudani ya mwenye kabati la vioo, kupambanua vito ni haki ya yule anayeshuka shimoni, na shule za wilaya zenye machimbo zingefanya insafu kubwa kuifundisha mapema.