Mazoea ya Haiba

Mazoea ya haiba ni namna ya kuwaza, kuhisi na kutenda ambayo mtoto huijenga mapema ili apate usalama kwa wanaomlea, na ambayo hubaki naye ukubwani. Dhana hii ni ya uchanganuzi wa miamala, tawi la saikolojia lililoasisiwa na Eric Berne. Miamala hapa ni mawasiliano baina ya watu, si miamala ya pesa za simu. Mwaka 1983 Paul Ware, daktari wa akili wa Marekani, alieleza mazoea sita. Vann Joines na Ian Stewart waliyafafanua zaidi katika kitabu chao cha mwaka 2002.

Katika kuipa dhana hii jina la Kiswahili, istilahi "ujirekebishaji" ingekaribia maana, ila anayeambiwa "jirekebishe" huwa amekosa, na mtoto huyu hakukosa lolote. "Utohozi" umeshachukuliwa na wanaisimu. "Mazoea" hayadokezi kwamba palikuwa na shida iliyotatuliwa. Hata hivyo hayamwiti mtu mgonjwa, na hilo ni muhimu zaidi. Ware mwenyewe alitumia majina ya maradhi ya akili. Joines aliyabadili yataje ubora na udhaifu pamoja, kama vile mwajibikaji asiyepumzika, mchangamfu mwepesi wa kuhamaki, au mwerevu mwenye shaka.

Matatu kati ya hayo sita ni ya kunusurika, nayo hujengeka hasa katika miezi 18 ya mwanzo. Matatu mengine, kundi la pili, hufuata hadi karibu miaka 6, mtoto anapokabiliana na matarajio ya wakubwa.

Mchango mkubwa wa Ware ni milango mitatu ya kumfikia mtu: fikra, hisia na tendo. Kila zoea lina mlango ulio wazi, wa pili unaoleta mabadiliko, na wa tatu wenye mtego. Mhasibu aliyesifiwa utotoni kwa kazi tu hufunguka kwa fikra. Mwenzake akimwambia, "Acha hesabu, kapumzike," amegusa tendo, yaani mtego, naye atazidi kuinamia daftari. Angeanza kwa kumuuliza hesabu zimefikia wapi, angeweza baadaye kumuuliza anajisikiaje. Nyumbani, mke mchangamfu hufunguka kwa hisia: anataka kwanza aeleweke, mume mhasibu anadai maelezo kamili, na kila mmoja humwona mwenziwe mkaidi.

Kwa maelezo ya Joines, kila mtu ana angalau zoea moja la kunusurika na moja la kundi la pili. Mhasibu huyohuyo, imani yake kwa wenzake ikivunjika, aweza kurudi kwenye zoea lake la kunusurika: kuziweka hesabu kando na kujitenga kimya.