Jibu Moja, Baraza Zima Kimya

Siku moja mwaka 1951, kijana wa miaka ishirini hivi alikuwa peke yake katika maabara ya Baraza la Jiji la Nairobi, akipima maziwa. Akaingia mama wa Kizungu, mkononi ana chupa ya maziwa. Kijana akamwamkia kwa adabu. Mama yule akaangaza macho chumba kizima, kisha akauliza kama humo ndani hamna mtu. Kijana naye akamuuliza kama macho yake yana hitilafu.

Kijana huyo alikuwa Thomas Joseph Mboya, mkaguzi wa afya aliyekuwa ametoka kuhitimu mafunzo yake Jeanes School, Kabete. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1963, Freedom and After, na mpaka leo watu wa pwani ya Ziwa Victoria hawajachoka kukirudia. Nairobi ya wakati huo, Mwafrika alitembea na kipande mfukoni, na mkaguzi mweusi alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake mweupe kwa kazi ile ile. Mboya hakutukana wala hakupaza sauti. Alilichukua swali la mgeni wake akamrudishia, na kwa kufanya hivyo akamfungia njia zote: ama mama yule akiri kwamba alimwona mtu mweusi aliyesimama mbele yake na hata kumsalimu, ama akubali kuwa ni kipofu.

Nilitaka kujua ulimi wa namna ile ulinolewa wapi. Nikaishika njia ya zamani inayoanzia Rusinga, kisiwani kwa kina Mboya, ikavuka Ghuba ya Winam hadi Bondo, ikaishia Kisumu.

Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa Agosti 1930 kule Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge la Mzungu. Lakini nyumbani ni nyumbani, na huko Rusinga ndiko alikozikwa. Kaburi lake liko Kasawanga, limejengwa kwa umbo la risasi, kwa sababu ni risasi iliyomuua Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ukivuka kutoka Mbita kuingia kisiwani, kila unayemuuliza njia ya kwa Tom atakuelekeza, na wengi watakuongezea kisa kimoja cha mdomo wake.

Hawashangai kwamba alijua kujibu. Wao wana shule ya sanaa hiyo, na ni ya zamani kuliko shule za misheni. Jina lake kwa Kijaluo ni pakruok.

Asiyewahi kuishuhudia pakruok na afikirie hivi. Watu wamekusanyika penye pombe ya kienyeji, au matangani, au harusini. Mpiga nyatiti, jathum, amekaa kwenye kigoda kifupi. Ala yake ya nyuzi 8 imeegemezwa sakafuni mbele yake, njuga za gara zimefungwa mguuni, na kidole gumba cha mguu kimevishwa pete ya chuma inayogonga mbao kushika mdundo. Katikati ya wimbo mtu anainuka, anaweka pesa, na muziki unasimama. Pesa hiyo imemnunulia kimya cha watu wote. Sasa anajisifu: anataja ukoo wake, mama yake, ng'ombe wake, rafiki yake wa chanda na pete, na uzuri wa kijiji alikooa. Kama yuko mtu pale ambaye wana jambo lao la zamani, atamrushia kijembe kwa fumbo, bila kumtaja jina. Muziki unaanza tena. Aliyepigwa kijembe ana hiari mbili. Aweke pesa yake asimame ajibu, au anyamaze, na kunyamaza kwake kutasimuliwa mwaka mzima.

Kinachonivutia zaidi katika mchezo huu ni kwamba hadhira ndiyo hakimu. Hapigwi mtu ngumi. Mbele ya watu wale, anayekasirika ameshashindwa, hata kama ni tajiri na mkono wake unafika ndani ya mfuko kabla ya mikono ya wengine. Wanawake nao walikuwa na dodo, nyimbo za kundi ambamo mume mvivu au mzee mchoyo alijikuta akiimbwa huku amekaa pale pale na bakuli lake, asiweze kusema neno. Na watoto walianzia siwindhe, nyumba ya bibi, ambako jioni kulikuwa na vitendawili na hadithi, na aliyekosa jibu alichekwa mpaka akajifunza.

Sisi wa Kiswahili hatuwezi kuliona hili kuwa geni. Muyaka wa Mwinyi Haji wa Mombasa na Zahidi Mgumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, miji yao ikiwa vitani, na vijana wetu wa leo wana mchongoano. Tofauti ya pwani ya ziwa ni ile pesa: mtu hununua nafasi ya kusema, na baada ya kuinunua hakuna chifu wala mkwe anayeruhusiwa kumkatiza. Nadhani watu waliozoea haki hiyo ndogo kwenye matanga hawakuweza kuvumilia kuikosa kwenye mabaraza ya serikali.

Kutoka Mbita feri huvuka hadi Luanda K'Otieno, na kutoka pale barabara inapanda kuelekea Ndori na Bondo. Hii ni nchi ya Jaramogi Oginga Odinga. Yeye na Mboya hawakuwa marafiki. Walipishana kwa siasa, kwa umri na kwa tabia. Mboya alikuwa mtu wa hoja zilizopangwa, suti safi na Kiingereza chepesi. Odinga, mwalimu wa zamani wa Maseno, alikuwa moto, na aliwahi kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria amevaa vazi la jadi na kofia ya shanga, jambo ambalo peke yake lilikuwa jibu kwa waliodhani mstaarabu ni mwenye tai. Wote wawili waliingia Barazani katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika walipigiana kura: Mboya kwa kiti cha Nairobi, Odinga kwa Nyanza ya Kati.

Juni 1958, Odinga alisimama Barazani akasema maneno ambayo kwa maoni yangu hayajapata mfano katika historia ya bunge letu. Jomo Kenyatta alikuwa gerezani Lokitaung tangu ahukumiwe kwa kesi ya Mau Mau. Kumtaja kwa wema ilikuwa ni kujitafutia balaa. Serikali ilikuwa imemchora kama shetani, na Waafrika wengi waliokuwa na vyeo walikuwa wamejifunza kumruka jina. Odinga akawaambia wajumbe kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa walikuwa viongozi wa Waafrika kabla ya kukamatwa, na kwamba mioyoni mwa Waafrika bado ni viongozi. Wajumbe wa Kizungu walipandwa na ghadhabu, wakapiga kelele. Odinga hakurudi nyuma. Aliwaambia wapige kelele wapendavyo, ukweli ungebaki ule ule.

Kimya kilichofuata hakikuwa cha Wazungu. Kilikuwa cha Waafrika wenzake Barazani. Wengine waliogopa, wengine walikasirika kwamba amewatangulia bila kuwashauri, na kwa siku kadhaa alisimama karibu peke yake. Lakini nje ya ukumbi neno lilikuwa limetoka, na neno likitoka halirudi. Muda si mrefu jina la Kenyatta lilikuwa likipigiwa kelele kwenye mikutano ya hadhara. Desemba mwaka huo huo, Mboya, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, na kutoka kiti cha mwenyekiti akayaambia mataifa yaliyokimbilia kuigawana Afrika wakati wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 kwamba sasa ni zamu yao kukimbia kutoka. Wana wawili wa ziwa, mahasimu, mwaka mmoja, na kila mmoja akitumia silaha ile ile ya matangani.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Odinga alikuwa amekataa kabisa kushika serikali huku Kenyatta yuko kifungoni. Jamhuri ilipozaliwa Desemba 1964, mmoja akawa Rais na mwingine Makamu wake. Kufikia Aprili 1966 walikuwa wameachana. Odinga alijiuzulu akaongoza chama cha upinzani, Kenya People's Union (KPU), ambacho alama yake ilikuwa dume la ng'ombe.

Hapo ndipo njia inaingia Kisumu. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence, na miaka mingi baadaye ukawa makao ya biashara na siasa za Wajaluo. Kampuni ya Luo Thrift and Trading, aliyoianzisha Odinga mwaka 1947, ilijenga hapa jumba la Ramogi House. Miaka ya sitini mji ulikuwa umechangamka. Okot p'Bitek, mshairi kutoka Uganda, alikuwa akiishi hapa akifanyia kazi chuo kikuu cha Nairobi, na mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa la Kisumu. Mtu aliyempa Lawino, mhusika wa shairi lake, ulimi mkali kuliko wanawake wote wa fasihi yetu aliuchagua mji huu kuleta ngoma na wachezaji jukwaani. Naona alijua alipokuja.

Mwaka uliofuata, Julai, Mboya akauawa. Kwenye ibada ya wafu Nairobi, waombolezaji wa Mboya, aliyekuwa mtu wa KANU, chama tawala, walimpigia Rais kelele za chama cha Odinga: Dume! Tarehe 25 Oktoba 1969, Jumamosi, Rais Kenyatta akaja Kisumu kufungua hospitali kuu ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na ambayo watu waliiita Russia. Odinga alikuwapo. Umati ulikuwapo. Kelele za Dume zilianza tena, na maswali kuhusu Mboya.

Kenyatta alikuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa Kiswahili wa zama zake. Kama kuna mtu angeweza kuugeuza umati ule kwa mzaha mmoja, ni yeye. Badala yake alighadhibika. Aliwatukana wapinzani wake hadharani, akaapa kuwasaga kama unga, na akamwambia Odinga usoni kwamba kama si urafiki wao angekuwa ameshamtia ndani. Kwa kanuni za pakruok alikuwa ameshindwa kabla risasi ya kwanza haijalia.

Kisha risasi zikalia. Walinzi wa Rais walifyatua kuuelekea umati, na simulizi za wenyeji zinasema waliendelea kufyatua msafara ulipokuwa ukitoka mjini, kando ya barabara hadi Awasi, ambako watu na watoto wa shule walikuwa wamejipanga kumwona Rais. Serikali ilitangaza kuwa waliokufa ni 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo, na tume ya ukweli, haki na maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliyaandika mauaji hayo katika orodha ya dhuluma za taifa.

Tarehe 30 Oktoba KPU ilipigwa marufuku. Odinga na wenzake wakatiwa kizuizini, na yeye hakuachiliwa hadi 1971. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mzee wa Kisumu aliyeulizwa na mjukuu wake kuhusu siku ya Russia alitazama kwanza dirishani. Nimezungumza na watu wa rika hilo. Wanakumbuka rangi ya nguo walizovaa asubuhi ile, lakini wengi bado hupunguza sauti wanapofika kwenye hotuba. Watu waliolelewa kwenye pakruok, ambako kila kijembe kina haki ya kujibiwa, walifundishwa kwa bunduki kwamba yako maneno yasiyojibiwa. Sioni namna ya kukiita kimya hicho ushindi wa mtu yeyote, na ninahuzunika kila ninaposikia hotuba ile ikichezwa kwenye simu kwa ajili ya kuchekesha.

Pakruok yenyewe haikufa. Ilihamia kwenye muziki wa ohangla na benga, na leo kwenye kumbi za Kondele, mtaa wa Kisumu, bado utamkuta mtu akisimamisha bendi kwa noti ili ajitaje na ampige kijembe hasimu wake. Nyatiti ndiyo inayopungua, na wazee wanaoijua vizuri wanazidi kuondoka bila sauti zao kurekodiwa.

Kenyatta aliishi karibu miaka 9 baada ya siku ile na hakuja tena Kisumu mpaka alipofariki Agosti 1978. Odinga alifia Kisumu tarehe 20 Januari 1994 na akazikwa kwake Bondo. Hospitali iliyofunguliwa siku ile leo inaitwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na mgonjwa anayetumwa huko kutoka Siaya, Homa Bay au Migori huandikiwa barua ya rufaa yenye jina hilo.