Watwa na Msitu wa Bwindi
Mgeni aendaye Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, hulipa dola 800 ili akae na gorila wa milimani kwa muda wa saa moja. Ziara hizo zilianza mwaka 1993. Miaka miwili kabla yake, msitu huo ulipofanywa hifadhi ya taifa, Watwa waliokuwa wakiwinda na kurina asali humo waliondolewa. Wengi wao hawakupata hata kiwanja. Gorila wameongezeka, na hilo ni jema, ingawa gharama yake hatukuilipa sisi watazamaji. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba Watwa waliondolewa pasipo fidia. Leo baadhi yao huwaonyesha watalii jinsi wazee wao walivyopekecha moto msituni.