Mboga za majani na kinga ya macho uzeeni

MTU anapopita umri wa miaka 60, huenda akaanza kuona kiwingu katikati ya nyuso za watu ilhali pembeni anaona sawasawa. Herufi za gazeti humpotea. Aghalabu hiyo ni dalili ya kuchakaa kwa doa la manjano, sehemu ndogo ya retina, nyuma ya jicho, inayomwezesha mtu kusoma na kutambua sura.

Umanjano wa doa hilo hutokana na luteini na zeaksanthini, viambato ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Huvipata katika sukuma wiki, mchicha, majani ya kunde, kiini cha yai na mahindi ya manjano. Viambato hivyo huchuja sehemu ya mwanga wa buluu kabla haujafikia seli za kuonea, na hupunguza makali ya kemikali zinazoziharibu seli hizo. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta wala si katika maji, mboga iliyopikwa kwa mafuta kidogo hufaa kuliko iliyochemshwa kwa maji matupu.

Je, tembe zaweza kushika nafasi ya mboga? Wauzaji hudai hivyo, lakini ushahidi unataka tahadhari. Nchini Finland, wavutaji sigara 29,133, wote wanaume, walishirikishwa katika uchunguzi wa vitamini E na beta-karotini, kiambato kinachoipa karoti rangi yake. Matokeo yaliyochapishwa 1994 yaliwashtua wengi: saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliomeza beta-karotini.

Nayo Taasisi ya Kitaifa ya Macho ya Marekani ilibainisha mwaka wa 2001 kuwa mchanganyiko wa vitamini C, E, beta-karotini na madini ya zinki ulipunguza kwa takriban asilimia 25 hatari ya ugonjwa huo wa macho kufikia upeo. Walionufaika ni wale ambao tayari walikuwa wameathirika kwa kiasi fulani. Ugonjwa kuanza haukuzuiwa. Uchunguzi wa pili, 2013, ulionyesha kuwa miligramu 10 za luteini na 2 za zeaksanthini zaweza kuchukua mahali pa beta-karotini, jambo la nafuu kwa wavutaji sigara.

Anayeona ghafla mstari ulionyooka ukipinda hana budi kumwona daktari wa macho bila kuchelewa. Hiyo huenda ikawa aina inayovujisha damu ndani ya jicho, ambayo hutibiwa kwa sindano, si kwa mboga wala tembe.