Kutunga Ushanga: Sanaa ya Kushindana Pasipo Uadui

Lugha yetu ya Kiswahili inalo neno moja linalotumika kwa kazi mbili ambazo mtu aweza kuzidhani hazina udugu. Neno hilo ni kutunga. Mshairi hutunga beti zake. Na mwanamke aketiye mkekani, uzi mkononi na shanga mbele yake, naye hutunga. Hatudhani kwamba wazee wetu walifanya hivyo kwa upungufu wa maneno. Waliona kuwa kazi hizo mbili ni kazi moja: kuzipanga punje ndogo ndogo katika uzi mmoja, kila punje mahali pake, kwa hesabu isiyokosewa, hata jicho au sikio liridhike.

Katika makala hii tunakusudia kuitazama historia ya ushanga katika nchi yetu na jirani zake, na kulijibu swali ambalo wanafunzi hutuuliza mara kwa mara, nalo ni swali la haki. Huuliza: ikiwa shanga nyingi za kioo zililetwa na wageni, kutoka Bara Hindi na kutoka Ulaya, twawezaje kusema kwamba pambo la ushanga ni utamaduni wetu? Jibu letu ni kwamba punje ni ya mgeni, lakini mtungo ni wetu; na mtungo huo ulikua kwa sababu watungaji walikuwa wakishindana wao kwa wao kirafiki, kila mmoja akitafuta kumpita mwenziwe bila ya kumwangusha.

Yafaa kwanza tusianze na majahazi ya wageni. Ushanga ulikuwapo katika bara hili kabla ya kioo kujulikana popote duniani. Watu wa kale walivunja maganda ya mayai ya mbuni, wakayatoboa na kuyasugua mpaka yakawa visahani vidogo vya duara. Mwaka 2021 wataalamu wawili, Jennifer Miller na Yiming Wang, walitangaza matokeo ya kuchunguza shanga zaidi ya 1,500 za namna hiyo, zilizopatikana mahali 31 mashariki na kusini mwa Afrika. Walionyesha kwamba yapata miaka 50,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili, waliotenganishwa na maelfu ya kilomita, walitengeneza shanga zilizofanana kwa ukubwa na umbo. Maana yake ni kwamba tangu hapo fundi mmoja alikuwa akiitazama kazi ya fundi mwingine, na mwingine akiitazama ya mwingine, mpaka mbali.

Katika pwani yetu nako ushahidi upo. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua magofu ya Shanga katika kisiwa cha Pate, na Kilwa kusini mwa Tanzania, waliona vigae vya vyungu vyenye mifereji. Vigae hivyo vilikuwa tupa za mafundi: humo ndimo shanga za makombe ya baharini ziliposuguliwa hata zikalainika. Shanga za kioo kutoka Bara Hindi zilipowasili kwa wingi, hazikukuta watu wasiojua pambo. Zilikuta macho yaliyokwisha kufundwa na mikono iliyokwisha kuzoea.

Sasa na tuingie bara, katika zama za misafara. Karne ya 19 njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikafika Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kuja pwani, na kurudi na vitambaa, waya na shanga. Wakati huo shanga nyingi zilifuliwa Venice, nchini Italia, zikapitia Unguja. Zilikuwa pambo, na tena zilikuwa fedha. Sokoni Ujiji shanga za sofi zilitumika kama sarafu. Hata kipimo chake kilikuwa cha uzi: mtungo mmoja uliitwa kete, na kete kumi zikafanya fundo.

Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, aliandika kwamba aina za shanga katika biashara ile zilikaribia 400. Henry Morton Stanley naye, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871, aliona taabu kubwa kujua achukue zipi. Alielezwa kwamba shanga nyekundu, ziitwazo samesame, zingepokewa kwa furaha Unyamwezi mahali ambapo nyingine zingekataliwa. Nyeusi, ziitwazo bubu, zilikuwa mali Ugogo, lakini kwingineko hazikuwa na thamani. Sungomaji, ambazo ni kubwa mfano wa yai la ndege, zilitakiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, huko Uguha. Bali mahali pengine zisingetazamwa. Nyeupe zilipendwa Ufipa, na kudharauliwa Uzigua na Ukonongo.

Hebu mwanafunzi azingatie jambo hili kwa makini. Vitabu vingi vilivyoandikwa wakati wa ukoloni vilituchora kama watu waliotoa pembe za thamani wakapewa vipande vya kioo, wakafurahi kama watoto. Kwamba biashara ile haikuwa ya haki, na kwamba iliandamana na utumwa, hatulifichi. Lakini picha ya mtoto mjinga ni ya uongo. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alifika mwisho wa safari na mizigo isiyonunuliwa, akakosa hata chakula cha wapagazi wake. Wanawake wa Ugogo na wa Unyamwezi walikuwa na shauri lao juu ya rangi, na shauri hilo lilivuka bahari likawatawala wauzaji wa Ulaya. Tena shauri hilo halikusimama mahali pamoja: rangi iliyotakiwa mwaka huu yaweza kukataliwa mwaka ujao. Ni nani aliyekuwa akiibadilisha? Hapakuwa na amri ya mtemi wala ya sultani. Walikuwa ni watungaji wenyewe, wakitazamana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mashindano. Sisi tulio watunzi wa mashairi twaijua vema nguvu hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa na malenga wa Lamu walijibizana kwa beti mwanzoni mwa karne ya 19, na hata miji yao ilipofikia vita, aliyekosewa na shairi alilipa kwa shairi. Usukumani vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi vingi, kila kimoja kikijitahidi kuwavuta watazamaji upande wake. Na hasara ya kushindwa ni kurudi nyumbani kuvumbua mtindo mpya. Katika nchi yetu pia upo utani baina ya makabila, ambao safari za misafara ziliusaidia kuenea, na ambao humruhusu mtu kumcheka mwenziwe bila ya kuvunja udugu. Kushindana pasipo uadui si jambo geni kwetu. Ni mojawapo ya misingi ya sanaa zetu.

Katika ushanga mfano ulio wazi kabisa ni wa wanawake wa Kimaasai. Kazi yao hufanywa baada ya kukamua na kuteka maji, wakiwa pamoja kivulini. Zamani uzi ulikuwa kano za mnyama. Leo aghalabu ni nailoni. Ukosi mpana wa shingoni hutungwa katika waya, duara ndani ya duara, na vipande vya ngozi au plastiki huzishika duara hizo zisiachane. Rangi hazitupwi ovyo. Eneo la rangi moja halikubaliwi liendelee mno. Lazima likatwe na rangi ipingayo, kama vile mshairi akatavyo mshororo kwa kina cha kati. Wakisongo wana mpangilio wao, na Wapurko wana wao, hata ajuaye huitambua asili ya mvaaji kabla hajasalimiwa. Mtafiti Donna Klumpp, katika tasnifu yake ya mwaka 1987, alieleza jinsi mitindo ilivyobadilika pamoja na rika: vijana wa rika jipya walipoinuka, pambo lao nalo lilitakiwa kuwa jipya.

Mashindano yao hayana kikombe wala mwamuzi. Siku ya sherehe ndiyo siku ya hukumu. Mama humpamba mwanawe, msichana humpamba ampendaye, na wote husimama mbele ya macho ya wenzao. Aliyeleta mpango mpya husifiwa. Na sifa kubwa zaidi ni kuona, sherehe ijayo, kwamba mpango wake umechukuliwa na wengine wakauongezea. Basi yeye naye hana budi kutunga mwingine. Aigaye bila ya kuongeza huchekwa, lakini hafukuzwi kivulini.

Siku moja, tukiwa katika safari ya kikazi wilayani Monduli, tulipumzika chini ya mgunga karibu na akina mama wanne waliokuwa wakitunga. Mmoja wao, mzee kuliko wote, alikuwa amefikia nusu ya ukosi. Aliutazama kwa muda, akautazama wa jirani yake, kisha akakata uzi na kuzimwaga shanga zote katika sufuria. Wenzake wakacheka sana. Tulimwomba kijana aliyekuwa pamoja nasi atuulizie sababu. Mama yule alijibu kwamba mkono wake ulikuwa umemfuata jirani bila ya yeye kujua. Ule haukuwa wake, na wake ulikuwa bado haujamjia. Jirani ndiye aliyeinama wa kwanza kumsaidia kuzitenga rangi. Tumekaa na washairi miaka mingi, lakini somo la uaminifu katika utunzi hatujapata kulipokea kwa ufupi kama huo.

Lipo jambo ambalo sisi watumishi wa serikali hatuna budi kulisema, hata kama si la kujivunia. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akitaka tuzirudishie heshima sanaa zetu ambazo ukoloni ulizidunisha. Hata hivyo, haikupita miaka mingi kabla ya serikali hiyo hiyo, katika mwaka 1968, kuendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega, ngozi na ngeu, wavae suruali na mashati kama dalili ya maendeleo. Waliofanya hivyo walidhani wanatenda wema. Lakini vazi halitengani na pambo lake. Anayelionea haya moja hulionea haya la pili. Kasumba ya mkoloni ilikuwa imebakia katika macho yetu wenyewe. Ikiwa ushanga wa Kimaasai ungali hai, ni kwa sababu akina mama hawakuacha kutazamana kivulini, wala hawakungoja ruhusa yetu.

Leo hatari imekuja kwa mlango mwingine. Mnunuzi huleta kielelezo kimoja, akataka mia moja zinazofanana nacho, rangi kwa rangi, punje kwa punje. Anayebadilisha hata duara moja hukatwa malipo. Hatuilaumu biashara hii moja kwa moja, maana fedha yake imelipa karo na kununua dawa; na nchini Kenya serikali ilianzisha mpango wa kuendeleza biashara ya ushanga mwaka 2017, kwa ajili ya wanawake wa kaunti saba za wafugaji. Ni jambo jema mikono ilipwe. Lakini anayetunga kwa kufuata kielelezo hana mwenzi wa kushindana naye. Ana mshindani mmoja tu, nayo ni mashine. Na mashine itamshinda. Sanaa iliyostahimili misafara, ukoloni na kampeni zetu yaweza kufa ingali inauzwa kwa wingi.

Kwa hiyo twatoa rai kwa walimu. Shule inaweza kuwa kivuli cha mgunga. Mwalimu awape wanafunzi wake, wavulana kwa wasichana, shanga za rangi nne tu, kwa hesabu iliyo sawa, pamoja na uzi mmoja mmoja. Awape juma zima. Kisha mitungo yote itandazwe juu ya meza, na wanafunzi wenyewe wawe waamuzi. Kila mmoja aeleze mambo mawili: ni nini alichojifunza kwa mwenziwe, na ni nini alichoongeza yeye. Asiyeweza kutaja la kwanza ana kiburi. Asiyeweza kutaja la pili bado hajatunga. Nao walio karibu na mafundi wa kweli, wakiwa bibi zao au majirani, wawaalike waje kutazama na, ikibidi, waje kuwacheka.

Mwanafunzi atakayepita katika zoezi hilo hatauliza tena kama ushanga ni wetu. Atakuwa amekwisha kuona kwamba wenzake wote walipewa punje zile zile, na bado hakuna mitungo miwili iliyofanana. Huko kutofanana ndiko kulikorithishwa tangu enzi za maganda ya mayai ya mbuni, na ndiko tunakopaswa kukitunza kizazi hadi kizazi, kwa kuketi pamoja, kutazamana, na kushindana kwa moyo safi.